Mafuta ya Bi Arusi Kwenye Gia

Jumatatu, 18 Julai

Nina miaka sabini na tisa. Feri ya Mtongwe imekufa, mimi nipo. Bwana aliyeniuzia gari amekufa, mimi nipo na gari lipo. Meno yamekwenda, yamebaki manne, na hayo manne yanafanya kazi ya yote. Daktari aliyeniambia niache sukari ama nitakufa, yeye ndiye aliyekufa. Nikaenda matangani kwake nikanywa chai. Ya sukari.

Nayaandika haya ili yasipotee. Shule sikukaa sana, lakini kusoma nimejisomea kwenye migongo ya malori, na malori nimeyaendesha mpaka kule ambako watu hawajui hata wali wa nazi.

Sasa neno lenyewe. Jumamosi hii bi arusi anatoka nyumba hii. Mjukuu wangu Israa, mtoto wa binti yangu Samiha. Anaolewa na Hussam, kijana wa Kiembeni. Ijumaa nikaha, Jumamosi asubuhi bi arusi apelekwe Kiembeni kwenye karamu ya walima. Nani ampeleke? Mimi! Kwa gari gani? Kwa Bi Mkubwa! Gari langu jeupe, la gia za mkono. Samiha mwenyewe alikwenda kwa mumewe humo. Wadogo zake wote humo. Na Israa nilimwahidi tangu yuko mapajani mwangu, namwita mke wangu, naye ananiita mume wangu mzee.

Basi leo nimelitoa gari nilikoshe. Gia imekataa! Ya kwanza inaingia kama unamkokota mbuzi asiyetaka kuchinjwa. Ya pili, mpaka uinuke kwenye kiti. Ya tatu sikuiona kabisa.

Justus alikuwa ukutani ananiangalia. Huyu ni jirani yangu, mtu wa Machakos, mstaafu wa bandarini, aliendesha kreni. Ana gari linalojibadilishia gia lenyewe. Hilo si gari. Hilo ni friji lenye magurudumu. Akaniambia, Mzee Obeid, hiyo ni ukavu tu, wewe paka grisi kidogo kwa zile viungo za huko chini, itakuwa sawa. Akaenda kwake, akarudi na kopo la grisi. Bure.

Nikalipokea kwa adabu. Tumelelewa. Kisha nikaenda nikaipaka yote kwenye bawaba za lango, maana lango lile linalia tangu Idi. Bi Mkubwa simtibu kwa dawa ya mtu wa kreni.

Jioni Samiha amekuja na uso wa kikao. Amesema kama gari halijapona ifikapo Alhamisi, bi arusi atapanda gari la Justus. Friji! Nimemwambia inshallah. Ile inshallah yenye maana ya hapana.

Jumanne, 19 Julai

Nimepata dawa! Nimeipata jikoni kwangu mwenyewe.

Mke wangu Mwanatatu wiki nzima anamtengenezea Israa mafuta ya nywele. Amekuna nazi, amekamua tui, amelichemsha mpaka mafuta yakatoka, akatia karafuu, akatia maua ya asumini. Chupa kubwa, imekaa dirishani. Nywele za Israa, na namsema kwa mapenzi, zilikuwa kama kamba ya katani. Sasa hivi zinateleza. Zinatii.

Nikakaa nikafikiri. Mafuta yaliyoshinda nywele zile yatashindwa na gia? Gia ni nini, ila nywele za chuma!

Wanawake walipokwenda kupatana na mpaka hina, nikachukua chupa. Nikaifungua ile ngozi inayozunguka mkono wa gia. Nikamimina. Kwanza kidogo. Kisha nikaona ubahili haufai kwa kitu cha arusi, nikamimina yote.

Nikaenda kuswali Adhuhuri. Niliporudi jua kali. Nikashika gia. Ya kwanza, ndani! Ya pili, ndani! Inaingia kama mkono kwenye mfuko wa kanzu. Nikamtoa Bi Mkubwa, tukaenda mpaka kwenye gati la zamani, tukarudi. Mlangoni kwa Justus nikapiga honi. Mara moja kwenda, mara tatu kurudi.

Jioni Mwanatatu ameuliza chupa yake iko wapi. Nikasema panya. Akauliza panya gani wa kunywa chupa nzima, kisha akarudisha kizibo? Nikasema panya wa siku hizi.

Akaniangalia kwa muda mrefu. Nikaenda msikitini mapema.

Jumatano, 20 Julai

Nimehujumiwa!

Asubuhi upepo wa kusi, manyunyu, baridi. Nimevaa sweta juu ya kanzu. Nikaingia kwenye gari nikiwa na furaha yangu, nikashika gia. Jiwe! Kama imetiwa saruji. Nikavuta kwa mkono mmoja, nikavuta kwa mikono miwili, nikakanyaga dashibodi kwa mguu nikavuta kwa mwili wote. Kiatu kikatoka. Gia haikutoka.

Mara Justus huyo. Akauliza, mzee, ile grisi uliipaka? Nikasema niliipaka. Na si uongo, niliipaka. Hakuuliza wapi.

Akalizunguka gari, akaliangalia tangu mbele hata nyuma, akasema, lakini hii gari yako bado ni nzuri sana. Kisha akaondoka.

Nikabaki nimesimama. Hakusema mashaallah! Mtu anasifu kitu cha mwenziwe namna hiyo, mchana mweupe, hasemi mashaallah? Na Jumatatu alikuwa ukutani vile vile, anaangalia. Hapo nikajua. Si ukavu. Ni jicho. Bi Mkubwa amepigwa jicho.

Nikamwita arudi. Nikamweleza kuwa si kosa lake, jicho si lazima liwe na nia, lakini aliseme lile neno, mashaallah. Justus ni mzee wa kanisa, nilidhani atakataa. Kwa haki ya Mungu ni muungwana. Aliweka mkono kwenye boneti, akafumba macho, akasema neno mara tatu kwa lafudhi ya Machakos. Kisha akauliza kama aongeze na sala ya kwao. Nikamwambia yatosha, tusimchanganye.

Nikaenda kula. Mwanatatu alikuwa amepika wali wa mbaazi na papa. Nilipomaliza manyunyu yameisha, jua limetoka, gari limekaa juani. Nikashika gia. Laini! Jicho limetoka!

Nikakimbia kumwambia Mwanatatu. Akasema kilichotoka ni jua. Nikamwambia jua na gia wapi na wapi, mama. Akaja mpaka dirishani mwa gari, akanusa. Akauliza mbona mwanukia karafuu humu. Nikasema ni gari la arusi hili, ulitaka linukie samaki?

Akanusa tena. Nikapandisha kioo.

Alhamisi, 21 Julai

Siku ya mtihani. Siku mbaya, kisha nzuri.

Asubuhi mapema Samiha ametoka na jeshi lake, shangazi na mashoga zake na majirani, wamejipanga barazani kama waamuzi. Baridi tena. Samiha akakaa mbele na mimi. Nikashika gia. Jicho limerudi! Ya kwanza haitaki, ya pili haitaki. Nikaifinya kwa hasira, ikaingia mahali pamoja tu. Rivasi.

Tukaenda kinyumenyume. Lango nililidhani limefungwa, lakini tuliligusa kidogo tu likafunguka wazi, halikulia hata kidogo, tukapita mpaka barabarani, mpaka mezani kwa Jalila muuza mahamri. Jalila ni mwepesi. Alilinyakua karai, akaruka nalo pembeni. Meza hakuinyakua.

Samiha alishuka taratibu. Akavuta buibui yake vizuri. Akasema, Baba, basi. Bi arusi atakwenda na Justus.

Ukutani kwa Justus maua yalikuwa tayari! Mkewe, Margret, ameshona vifundo vyeupe vya utepe vya kulipamba friji lao. Ameshona tangu lini? Watu hawa walikuwa wakinisubiri nianguke!

Nikarudi nikakaa ndani ya Bi Mkubwa, nimefunga milango. Chakula nikaletewa, nikakataa. Nikaletewa tena, nikala, lakini kwa hasira.

Alasiri mlango umefunguliwa. Israa. Hina mikononi mpaka viwikoni, amekaa ameinua mikono asiiharibu. Akasema, mume wangu mzee, hata sijaolewa wanipa talaka? Nikamwambia mimi sitoi talaka. Akacheka. Akasema gari la Bwana Justus ni zuri, lina baridi ya mashine na viti vya ngozi, lakini yeye tangu mdogo akicheza arusi alikuwa akichezea humu, kiti cha nyuma, na kanga ya nyanyake kichwani. Akasema, Babu, mimi nataka hili. Lakini kama halitatembea, wallahi niambie mapema. Nisije nikalia na wanja machoni.

Nimeendesha malori gizani, breki zimekatika, usukani nimeushika kwa mkono mmoja. Leo niliushika kwa miwili. Nikamwambia, mke wangu, utakwenda na mimi. Akanibusu kofia, akaenda zake, mikono juu.

Ndipo akili ikanijia. Jicho linatolewa kwa nini? Kwa moshi! Nikachukua chetezo, nikatia makaa, nikatia udi na ubani, nikakiweka kwenye sahani ya bati ubavuni mwa gia. Nikafunga vioo, nikakaa nje nikisoma nilichokihifadhi. Kabla ya Maghribi nikaingia, machozi yananitoka kwa moshi, nikashika gia.

Mafuta! Siagi! Hariri!

Nikamwita Samiha kwa sauti ya kuitia watu wa pwani ya pili. Nikamwonyesha. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, rivasi. Akatazama chetezo, akanitazama mimi. Akasema, haya Baba, shauri lako, lakini Justus atakuwa nyuma yako hatua kwa hatua, na kiti cha mbele kitakuwa kitupu.

Na kibaki kitupu.

Ijumaa, 22 Julai

Nikaha imefungwa baada ya Alasiri. Hussam ameitikia kwa sauti nzuri, hakukwama. Alipokuja kunipa mkono nikamwambia, kijana, unajua umemchukua mke wa mtu? Akasema najua, Babu, na nimekuja kuomba radhi. Akanivika kofia ya viua, mpya, kazi ya mkono. Nikamsamehe nusu.

Ameniambia gari lake pia la gia za mkono, na asubuhi nyengine gia huwa nzito kidogo. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamshika bega nikamwambia, mwanangu, umempata mtaalamu.

Jumamosi, 23 Julai

Siku kubwa. Naandika pole pole niieleze yote.

Asubuhi manyunyu, baridi ya kusi. Mimi nishajiandaa. Chetezo kimewaka tangu Alfajiri. Gia tamu. Israa akatoka ndani na vigelegele, akakaa nyuma, Mwanatatu ubavuni mwake. Nyuma yetu friji la Justus, na Samiha, na Margret, na vifundo vyeupe vimefungwa hata kama hakuna bi arusi humo. Nilipobadilisha ya pili kwenda ya tatu nilimtazama Justus kwenye kioo. Nadhani aliona meno yangu. Yote manne.

Likoni foleni ya feri imesimama. Tukasimama. Mwanatatu amesema tufunge vioo, manyunyu yasimharibu bi arusi. Tukafunga. Chetezo kinafuka, udi umejaa, Israa akakohoa. Basi nikateremsha kioo changu kumpa hewa.

Moshi ukatoka wote mara moja. Mtu akapiga ukelele, gari yawaka! Na mwengine, mna bi arusi ndani! Watu wakaanza kukimbia, wengine kuja, wengine kwenda.

Sasa, Justus bandarini alifundishwa kuzima moto. Sikuwa najua. Nilimwona kwenye kioo akija mbio, suti imefunguka, tai begani, mkononi mtungi mwekundu. Akafungua mlango wangu. Nikasema, ni udi, Justus, ni u—

Pssssss!

Gesi baridi. Baridi kama barafu ya samaki, na zaidi. Chetezo kikafa. Ndevu zangu zikaingia ukungu. Na mkono wa gia, ambao ndio uliokuwa mbele yake, aliumiminia mtungi mzima mpaka ngozi yake ikakakamaa. Nikaushika. Umeganda! Umeganda kwenye ya pili, hauendi mbele, haurudi nyuma.

Justus akasimama na mtungi wake. Akasema, Mzee Obeid, nisamehe, mimi nilifikiria mtoto. Na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kulia. Sikuweza hata kumtukana. Nilijaribu, tusi halikuja.

Samiha naye akafika. Akasema, Israa shuka, ingia kule, twachelewa.

Wakati huo Mwanatatu ana lake. Ameinama katikati ya viti, ametia kidole kwenye tundu la gia. Kikatoka na donge jeupe kama mshumaa. Akalinusa.

Akasema, Baba Samiha. Haya ni mafuta yangu.

Nikaanza kupangusa ukungu ndevuni.

Akasema hata mtoto wa chuo cha Kurani ajua kuwa mafuta ya nazi yaganda baridi ikija, na joto likija yayeyuka. Kwani asubuhi humwoni mkeo akiianika chupa juani? Miaka yote hii ulikuwa ukiangalia nini? Jua likitoka gia yalainika, ukitia makaa yalainika, asubuhi yaganda. Jicho liko wapi hapo?

Nikamwambia kwa upole, maana palikuwa na watu. Nikamwambia, mama, hayo si mafuta. Hilo ni jicho lenyewe limeganda. Alhamdulillahi tumelikamata.

Kisha Israa akacheka. Alicheka, alicheka, akajishika tumbo, wanja ukaanza kumteremka. Samiha akamwambia, toka wewe, wanja huo! Akasema, Mama, mafuta ya nywele zangu yamo humu, na harufu ya arusi yangu imo humu, na mume wangu mzee yumo humu. Nishapanda. Sishuki.

Sishuki! Na liandikwe hivyo hivyo.

Basi tukaenda. Kwa ya pili. Kuondoka ni kazi, klachi inalia, gari linatetemeka kama lina homa, lakini tukaondoka. Tukaingia kwenye feri kwa ya pili. Upande wa pili, kwenye kile kilima cha kutokea, Bi Mkubwa akataka kulala. Wapiga mkokoteni wakaacha mizigo yao, wakamsukuma, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia, na Justus miongoni mwao, suti na tai, anasukuma kuliko wote. Kreni ile kweli imempa mabega. Nasema haki.

Mjini kwa ya pili. Daraja la Nyali kwa ya pili, mkokoteni wa madumu ya maji ukatupita, mwenyewe akatupungia mkono. Kongowea akina mama wa sokoni wakatoka na kanga zao, wakacheza ubavuni mwa dirisha, wakapata nafasi ya kuimba wimbo wote, na beti zake, na kurudia. Mmoja akamrushia Israa asumini. Wapi katika gari la haraka utarushiwa asumini ikakufikia?

Bombolulu watu wa tarumbeta walikuwa wametungoja juu ya pikapu. Walipouona mwendo wetu wakaangaliana. Wakashuka. Wakatembea mbele yetu kwa miguu, matarumbeta na ngoma, barabara nzima, watoto nyuma, magari nyuma ya watoto, honi, vigelegele. Watu wametoka mabarazani. Wengine walidhani ni mtu mkubwa anapita. Nao hawakukosea.

Tumefika Kiembeni biriani imekwishapakuliwa na imekwishafunikwa tena. Samiha ametangulia kushuka, tayari kuomba msamaha. Lakini nyanya yake Hussam, Bi Mwanarehema, bibi mzima mwenye fimbo, amesimama mlangoni analia. Akasema tangu siku aliyopelekwa yeye kwa miguu, na ngoma mbele, hajaona bi arusi akiletwa kwa heshima kama hii. Siku hizi, akasema, bi arusi anatupwa mlangoni kama mkate wa dukani. Akauliza ni nani aliyepanga mwendo huu.

Watu wote wakaniangalia. Samiha akaniangalia. Mwanatatu hakuniangalia.

Nikakohoa. Nikasema, sisi wa Mtongwe ndivyo tufanyavyo.

Israa alishuka, akanishika mkono kabla ya kumshika mumewe. Hakulia. Wanja ulikuwa umeharibika, lakini kwa kicheko.

Nilipotaka kuegesha, gia ilitoka ya pili kwa kidole kimoja. Inaelekea ililegea njiani, injini iliposhika moto. Labda tangu Kongowea. Sikuijaribu. Mtu anapopigiwa tarumbeta habadilishi gia.

Jumatatu, 25 Julai

Mwanatatu hasemi na mimi tangu juzi, ila kuniambia chai iko mezani. Kwa hiyo nimepata utulivu wa kufikiri.

Nimefikiri sana, na nakubali kuna jambo alilolisema la haki. Mafuta ya nazi hayakufaa. Ni mepesi mno. Ni ya nywele. Chuma ni kitu kizito, chataka kitu kizito. Chataka samli!

Leo Israa na Hussam wamekuja kutusalimia. Wamependeza. Mwanatatu amewakirimu, akafungua kopo lake jipya la samli safi kwa ajili ya mikate ya kumimina. Kesho alfajiri na mapema wanatoka na gari lao kwenda Malindi kutembea. Nikamuuliza Hussam, ile gia yako vipi? Akasema bado nzito kidogo, Babu, lakini si kitu, fundi ataitazama. Fundi! Na mimi niko hai!

Wakiwa wanakula nikatoka na kopo. Jua lilikuwa zuri la saa nane. Nikaifungua ngozi ya gia, nikamimina samli yote mpaka tone la mwisho. Nikaijaribu. Laini kuliko ya Bi Mkubwa! Hussam alipoishika alishangaa, akanibusu mkono. Nikamsamehe ile nusu iliyobaki. Israa alinusa, akanitazama, akafungua mdomo aseme neno. Nikawaharakisha, wasichelewe kufunga mizigo.

Justus amekuja jioni. Bado anaomba radhi kwa mtungi. Ameniletea kopo jengine la grisi. Nimelipokea kwa adabu, na nimekwenda kuipaka kwenye dirisha la jiko linalokwama. Na hili pia niliandike, maana ni ajabu. Lile lango siku hizi linafunguka kwa kidole. Halilii, halikwami, mvua na jua ni sawa kwake. Limebadilika tu, tangu wiki iliyopita. Nimelichunguza, sikuona sababu. Inaelekea Justus alilisemea mashaallah bila kujua.

Upepo wa kusi umeanza kuvuma tena. Kesho alfajiri itakuwa baridi nzuri ya safari.

Asiyeyaamini haya amuulize Justus, nyumba ya pili, mwenye mtungi mwekundu. Amuulize Bi Mwanarehema wa Kiembeni. Awaulize wapiga mkokoteni wa feri, wataimba na wimbo wenyewe. Mwanatatu tu ndiye asiulizwe leo. Yuko jikoni, analitafuta kopo lake la samli.

Nimemwambia panya.